Dakika 30 kisha kilio: uchambuzi wa kisa cha mtoto asiyelala mchana

Mtoto ni wa kike, ana miezi 5 na wiki 1. Mchana halali zaidi ya dakika 35 kwa mkupuo mmoja. Hulala mikononi baada ya kubembelezwa nusu saa nzima, huwekwa kitandani kwa tahadhari ya mtu anayebeba yai, kisha baada ya muda mfupi hukurupuka akilia, macho mekundu. Jioni ndiyo balaa: hataki kunyonya, hataki kuwekwa chini, hataki kubebwa. Wazazi wamejaribu kumchelewesha zaidi wakitumaini kwamba akichoka sana atalala fofofo. Hali imekuwa mbaya zaidi.

Kisa hiki ni cha mfano na saa zilizomo ni za mfano, lakini mpangilio wa tatizo ni ule unaojirudia nyumba kwa nyumba, pamoja na makosa yanayofanywa njiani.

Maswali ya afya kwanza

Hakuna ratiba itakayomtuliza mtoto anayeumwa sikio. Kwa hiyo kabla ya kugusa saa yoyote, yaliulizwa haya. Uzito unapanda? Ndiyo, anafuata mstari wake kwenye chati ya ukuaji. Nepi zinalowa mara ngapi? Zaidi ya 6 kwa siku. Anakoroma, au pumzi hukatika akiwa usingizini? Hapana. Akilazwa chali hujipinda mgongo na kulia kama mwenye maumivu? Hapana. Hucheua kidogo baada ya kunyonya, bila kusumbuka. Homa hana, ngozi safi, pua wazi.

Jibu moja tu lingekuwa tofauti, uchambuzi ungeishia hapo na hatua inayofuata ingekuwa kwa daktari. Ifahamike pia kwamba mtoto wa chini ya miezi 3 mwenye joto la 38°C au zaidi hupelekwa hospitali siku hiyo hiyo, na mtoto wa umri wowote asiyeamshika kirahisi au anayekataa kabisa kunyonya hana shida ya ratiba. Huyo ni mgonjwa.

Swali la mwisho, kuhusu ujauzito, ndilo lililotoa jambo ambalo wazazi hawakulitaja wenyewe: mtoto alizaliwa wiki ya 36. Yaani aliwahi kwa wiki 4. Kwa mambo ya ukuaji, usingizi ukiwemo, mtoto njiti huhesabiwa kuanzia tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa. Kwa hesabu hiyo huyu ana miezi 4 na wiki moja hivi mkononi, si 5. Wazazi walikuwa wakifuata jedwali la mtoto wa miezi 5 hadi 6, linalosema akae macho saa mbili na nusu. Walikuwa wanamvisha kiatu cha dada yake.

Daftari la siku 5

Kwa siku 5 hakuna kilichobadilishwa. Kazi ilikuwa kuandika tu: saa aliyoamka, saa kubembeleza kulipoanza, saa macho yalipofumba kweli, saa aliyoamka tena, na pembeni neno moja la hali yake alipoamka. Kuandika ni kero, hasa kwa mtu ambaye naye hajalala, lakini kumbukumbu ya mlezi aliyechoka humwambia kwamba mtoto "halali kabisa", na kauli hiyo haitibiki. Saa zilizoandikwa zinatibika.

Siku ya kawaida ilisomeka hivi. Aliamka saa 12:30 asubuhi. Kubembeleza kukaanza saa 3:00, akalala saa 3:35, akaamka saa 4:05 akilia. Awamu ya pili kubembeleza kulianza saa 6:30, akalala saa 7:00 mchana, akaamka saa 7:35 akilia. Ya tatu ilianza saa 10:00 alasiri, akalala saa 10:25, akaamka saa 10:55. Kisha mapambano mpaka saa 12:50 jioni, akasinzia akinyonya kwa dakika 20. Usingizi wa usiku ukaanza saa 3:10, akaamka mara 3 kwa jumla ya dakika kama 45.

Jumlisha: mchana saa 1 na dakika 55, usiku kama saa 8 na dakika 35. Kwa siku nzima ni saa 10 na nusu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unataja saa 12 hadi 16 kwa mtoto wa miezi 4 hadi 11, usingizi wa mchana ukiwa ndani yake. Hapa ndipo ilipojulikana kwamba huyu si mtoto wa usingizi mfupi kwa asili. Ana upungufu wa kweli. Tofauti hiyo ni muhimu, kwa sababu wapo watoto wa miezi 4 wanaolala dakika 35 mara 4 kwa siku, wanaamka wakitabasamu, usiku wanalala vizuri, na jumla yao inafika saa 13 au 14. Hao hawahitaji kutengenezwa, hata kama ratiba yao inamnyima mlezi nafasi ya kunywa chai ikiwa moto.

Saa tatu zilizojificha

Sasa angalia tena safu ya kwanza. Wazazi waliamini mtoto anakaa macho saa mbili na nusu, kwa sababu walipima kutoka kuamka hadi kuanza kubembeleza. Lakini mwili wa mtoto hauhesabu hivyo. Kwake yeye, dakika 35 za kuimbiwa huku analia nazo ni kuwa macho, tena kwa jasho. Kutoka saa 12:30 hadi 3:35 ni saa 3 na dakika 5. Awamu ya pili ilikuwa saa 2 na dakika 55, ya tatu saa 2 na dakika 50. Kwa mtoto mwenye miezi 4 ya kweli, muda unaovumilika huwa kati ya saa 1 na nusu na saa 2 na robo hivi. Makadirio hayo yametokana na uzoefu wa walezi na wataalamu wa usingizi. Si sheria ya kitabibu, na kila mtoto ana wake. Ila saa 3 haimo popote ndani yake.

Pembeni mwa daftari kulikuwa na dalili pia, zimeandikwa bila kujua thamani yake. Dakika ya 80 hivi tangu kuamka mtoto alinyamaza, akawa anakodolea ukuta. Dakika ya 90 akapiga mwayo na kugeuza uso alipochekewa. Dakika ya 120 akachangamka ghafla, anarusha miguu, anapiga kelele za furaha. Wazazi wakaandika: "hana usingizi". Kumbe mlango ulikuwa umefunguka na kufungwa. Mchangamko ule wa pili ndio unaowapoteza wengi. Mtoto aliyepitiliza huwa na fujo kabla ya kuwa na kilio, na akishafika kwenye kilio, kumtuliza huchukua muda mrefu, naye huingia usingizini akiwa tayari ameshtuka.

Halafu kuna siku ya 4. Siku hiyo mama alimfunga mbeleko na kutoka kutembea, mtoto akalala saa 1 na robo. Mstari huo mmoja ulifuta nadharia kwamba "hawezi" kulala zaidi ya nusu saa. Anaweza. Kinachomshinda ni kuvuka peke yake kutoka kipande kimoja cha usingizi kwenda kingine akiwa kitandani.

Kwa nini kuvuka kunashinda? Mzunguko mmoja wa usingizi wa mtoto huchukua kama dakika 45 hadi 60, na ndani yake kuna sehemu ambapo usingizi unakuwa mwepesi mno. Hapo kila mtoto hujigeuza, huguna, hata hufumbua macho. Akikuta mambo ni kama alivyoyaacha, hurudi. Huyu alisinzia kifuani kwa mama, chuchu mdomoni, akitikiswa. Anazinduka kwenye godoro baridi, chumba kimejaa mwanga, hakuna mtu. Hata mtu mzima aliyelala kitandani akazindukia sebuleni asingegeuka upande na kuendelea kulala.

Mpango ulivyopangwa

Mpangilio wa umuhimu ulikuwa huu: saa kwanza, chumba pili, namna ya kusinzia mwisho. Watu wengi huanza na la tatu, wakamfundisha mtoto kulala mwenyewe katika saa ambayo mwili wake umekwisha kupitiliza. Matokeo yake ni kilio kingi na somo dogo.

Kwa upande wa saa, alianzishwa na usingizi wa kwanza tu wa asubuhi. Huo ndio rahisi zaidi kurekebisha, kwa sababu usiku umetoka kumjaza na siku haijaharibika bado. Saa ya kuamka ilifungwa: saa 12:30, ikizidi sana saa 1:00, hata kama usiku ulikuwa mbaya. Pazia likafunguliwa mara moja, mwanga wa asubuhi umpate, maana ndio unaomsaidia mtoto kutenganisha usiku na mchana. Maandalizi ya kulala yakaanza dakika ya 80 tangu kuamka, lengo likiwa macho yafumbe kati ya dakika ya 95 na 105. Saa nyingine zote za siku ziliachwa kufuata dalili zake, na kila awamu ikihesabiwa mpaka kulala, si mpaka kuanza kubembeleza.

Usingizi wa mwisho wa jioni haukuwekwa kwenye mazoezi hata kidogo. Huo ulipewa mbeleko, dakika 20 hadi 30, uishe kabla ya saa 12 jioni. Kazi yake ni kumvusha mtoto mpaka usiku, na kumwokoa mlezi asichanganyikiwe. Mbeleko yenyewe ina masharti: uso uonekane wakati wote, pua na mdomo viwe wazi, kidevu kisigande kifuani, na mtoto awe juu kiasi kwamba ukiinamisha kichwa unaweza kumbusu utosini.

Chumba kilihitaji kazi ya nusu siku. Kitanda kilikuwa chini ya dirisha, kikasogezwa ukuta wa ndani, mbali na kamba za pazia. Pazia jepesi likaongezwa kitambaa kizito. Kipimo cha giza: nyosha mkono, uone vidole lakini usiweze kusoma maandishi. Sauti ya mvumo usiobadilika, kama ya feni, iliwekwa mita 2 kutoka kitandani, ikiwa chini kiasi kwamba watu wawili wanaweza kuongea juu yake bila kupaza. Ikiwekwa karibu na kichwa au kwa sauti kubwa, inaweza kudhuru masikio yake.

Kitandani hamkuwekwa kitu: godoro gumu, tambarare, shuka iliyokazwa, basi. Hakuna mto, blanketi, mwanasesere wala kingo laini za pembeni. Mtoto hulazwa chali, mchana kama usiku. Kwa kuwa ameanza kujigeuza, kumviringisha nguo mikono ikiwa ndani kulikoma; badala yake alivalishwa mfuko wa kulalia usio na mikono, wenye shingo na makwapa ya kumtosha ili asizame ndani. Joto lake lilipimwa kwa kugusa nyuma ya shingo. Penye jasho, nguo moja ilivuliwa. Viganja baridi si kipimo, huwa baridi hata akiwa na joto la kutosha.

Namna ya kusinzia ilibadilishwa polepole. Kunyonya kulihamishwa kuwa mara tu anapoamka, na kama njaa ingekuwepo, tena dakika 20 hadi 30 kabla ya kulala, taa ikiwa inawaka. Kisha mambo yale yale kwa mpangilio ule ule ndani ya dakika 10: nepi, mfuko wa kulalia, pazia, wimbo mmoja, maneno yale yale. Siku 3 za kwanza alitikiswa mpaka anakaribia kabisa kulala. Siku 3 zilizofuata alitikiswa mpaka atulie tu, akawekwa chini macho yakiwa nusu wazi, mkono wa mlezi ukabaki kifuani. Baadaye mkono ukawa wa dakika 2, halafu wa kumgusa na kuondoka. Kumlaza kulianzia makalio, mgongo ukafuata, kichwa kikawa cha mwisho. Kichwa kikitangulia, mtoto huhisi anaanguka na hurusha mikono.

Alipoamka dakika ya 30, kanuni ilikuwa kusikiliza kwanza. Kuguna na kujinyonganyonga si kuamka. Dakika 2 au 3 za kusubiri nje ya mlango zilitosha kugundua kwamba mara kadhaa mtoto alikuwa bado usingizini na ni mtu mzima aliyekuwa anamwamsha kwa kumnyanyua. Akilia kweli, mlezi aliingia, mkono kifuani, sauti ya chini, bila kuwasha taa wala kumchekea. Alipewa dakika 10 hadi 15. Haikuwezekana, aliinuliwa, siku ikaendelea, na muda wake unaofuata wa kuwa macho ukapunguzwa kwa dakika 15. Hakuna kukomaa naye gizani saa nzima. Hapo kitanda kinageuka kuwa mahali pa vita.

Kilichotokea, pamoja na kilichoharibika

Siku 4 za kwanza urefu wa usingizi haukubadilika hata dakika 5. Kilichobadilika ni muda wa kumtuliza, kutoka dakika 35 hadi 12. Wazazi walivunjika moyo, kwa sababu walikuwa wanaangalia safu moja tu ya daftari. Kuingia usingizini kwa urahisi hutangulia, urefu hufuata. Siku ya 6 usingizi wa asubuhi ulifika dakika 55, siku ya 9 saa 1 na dakika 5, na kwa mara ya kwanza neno la pembeni likawa "anaongea mwenyewe".

Siku ya 10 alipata mafua. Pua imeziba, hawezi kunyonya na kupumua pamoja. Mpango ulisimamishwa siku 3: alibebwa alivyotaka, akanyonya alivyotaka, pua ikasafishwa kwa matone ya maji ya chumvi yaliyotengenezwa kwa ajili ya watoto. Hakuinuliwa kichwa kwa mto wala godoro halikuinamishwa. Nafuu ilipokuja, ilichukua siku 2 kurudi alipokuwa. Hofu kwamba siku 3 za kubebwa zitafuta kila kitu haina msingi.

Kosa kubwa zaidi lilikuja baada ya mafanikio. Usingizi wa pili ulipofunguka, siku moja mtoto alilala saa 2 na dakika 40 na nyumba nzima ikafurahi. Usiku huo hakulala mpaka saa 4, na alfajiri saa 10 alikuwa macho anacheza. Usingizi wa siku una kikomo, ukichotwa sana mchana hupungua usiku. Kuanzia hapo usingizi wowote wa mchana uliwekewa kikomo cha saa 2, akaamshwa taratibu kwa kufungua pazia.

Kosa la pili lilikuwa la baba, na linaeleweka. Alipoona mtoto analala vizuri, alianza kumpitishia usingizi wa mchana akiwa kwenye kiti cha gari hata baada ya safari kuisha, asimwamshe. Kiti hicho ni cha safari. Nje ya gari, mkao ule unaweza kuinamisha kichwa na kubana njia ya hewa. Wakifika, mtoto anahamishiwa kwenye godoro tambarare hata kama ataamka. Hatari kubwa kuliko hiyo, iliyozungumzwa nao mapema kwa sababu wote wawili walikuwa hoi, ni mlezi kusinzia kwenye kochi akiwa na mtoto kifuani. Ukihisi kope zinalemea, mweke kitandani kwake, alie kama atalia.

Baada ya wiki 3 siku ilisomeka hivi: kuamka saa 12:30, usingizi wa kwanza saa 2:15 hadi 3:20, wa pili saa 5:15 hadi 6:45, wa tatu saa 8:45 hadi 9:25 alasiri, wa nne kwenye mbeleko saa 11:15 hadi 11:40 jioni, usiku saa 1:35, akiamka mara 2 kunyonya. Mchana saa 3 na dakika 40, usiku kama saa 10 na robo baada ya kutoa dakika za kunyonya. Jumla inakaribia saa 14. Usiku ulirefuka bila mtu kuugusa, jambo linaloshangaza wale wanaoamini kwamba kumnyima mtoto mchana kutamlaza usiku.

Usingizi wa tatu ulibaki dakika 40, na wazazi waliuliza ufanyweje urefuke. Uachwe. Katika umri huu usingizi wa alasiri mara nyingi huwa mfupi, na mtoto anaamka akicheka.

Mabadiliko yanayofuata yatakuja yenyewe, pengine ndani ya mwezi au miwili: ataukataa usingizi wa nne. Siku moja ya kukataa haina maana. Ikiwa siku 5 au zaidi mfululizo mbeleko haimlazi, au inamlaza na usiku unachelewa, usingizi huo unaondolewa, muda wa kuwa macho unaongezwa dakika 15 kila baada ya siku 3 au 4, na kwa wiki ya kwanza anapelekwa kitandani usiku mapema kwa nusu saa. Daftari lilirudishwa kabatini, kalamu ikiwa imefungwa nalo.